Betri chakavu Kibirizi: kituo kinachopima betri na maji yake

Ukiwa na betri iliyokufa Kigoma mjini, kuna watu watatu wa kuipokea: mnunuzi wa chuma chakavu mwenye toroli, fundi wa ufukweni mwenye shoka, na kituo kidogo cha akina mama kule Kibirizi, nyuma ya vichanja vya dagaa. Hapa tunakipima hicho kituo, lakini hakieleweki bila kuwajua hao wawili wa mwanzo.

Mwenye toroli anataka betri kavu. Ukimpelekea yenye maji, anakata kilo. Kwa hiyo muuzaji anafungua vifuniko sita, anaipindua juu ya mtaro, na asidi inashuka ziwani pamoja na tope la kijivu lililotulia chini ya sahani. Tope hilo limejaa risasi, ile metali nzito yenye sumu.

Fundi ndiye wa kuogopwa zaidi. Anapasua boksi, anachomoa sahani na vichwa, anatia kwenye sufuria juu ya mkaa, kisha anamimina kwenye mchanga kupata chubwi za nyavu. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327, mkaa unaiweza. Ule unga uliojazwa ndani ya sahani hauyeyuki kwa moto huo. Unaelea kama ukoko, fundi anauengua na kuumwaga pembeni, na humo ndimo ilimo zaidi ya nusu ya risasi ya betri nzima. Anauza kidogo, anatupa kingi. Ukoko ukikauka unakuwa vumbi, upepo wa ziwa unalipeleka kwenye dagaa zilizoanikwa na kwenye vidole vya watoto wanaotambaa. Mtoto hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko mtu mzima aliyemeza kiasi kilekile, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake.

Kituo kiliasisiwa na mama muuza dagaa, mtu wa kawaida tu. Kampeni yake ilianza kwa kugombana na mafundi na haikufika mbali. Kilichobadilisha mambo ni mizani: hapa betri inapimwa na maji yake, na bei ya kilo imeandikwa ubaoni kwa chaki, ionekane na kila mtu. Anayelipwa kwa maji hana sababu ya kuyamwaga. Kwa maoni yetu kanuni hiyo moja inashinda vipeperushi vyote vya mazingira vilivyowahi kubandikwa sokoni Mwanga.

Mapokezi ni mazuri. Sakafu ni ya zege, paa halivuji, betri zinasimama wima na kati ya tabaka na tabaka kuna maboksi yaliyokunjuliwa ili vichwa visigusane na chuma. Anayepima anavaa glavu za mpira ndefu. Betri za lithiamu, zile za taa mpya za wavuvi, zinawekwa peke yake kwenye ndoo ya mchanga mkavu, na ni sahihi: moja ikijichanganya na za risasi inaweza kuwasha moto kwenye lori au kiwandani.

Unapopeleka yako, usifungue vifuniko. Funga vichwa vyote viwili kwa tepu ya umeme. Betri ya sola ya 12V 100Ah ina kilo 25 hadi 30, kwa hiyo kwenye bodaboda iketi ndani ya beseni la plastiki na ifungwe kwa mpira, isilazwe ubavu. Maji yakimwagika, nyunyiza magadi au chokaa hadi povu likome, ndipo usafishe. Yakiruka jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 bila kusugua, kisha hospitali.

Sasa kasoro. Betri iliyopasuka inapokelewa, inatiwa kwenye pipa lenye mfuniko, lakini hailipwi hata senti. Ni kosa la hesabu: ndiyo yenye hatari kubwa, na mwenye nayo ataishia kwa fundi. Hata robo ya bei ingetosha. Pia hakuna nakala ya kibali ukutani. Kukusanya na kusafirisha taka hatarishi kunahitaji kibali chini ya Kanuni za taka hatarishi za 2021, na ni vizuri mteja akione.

Kubwa zaidi ni vipimo. Jina la Phyllis Omido linatajwa sana pale, na linastahili. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha betri Owino Uhuru, Mombasa, mwanawe mchanga akakutwa na risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa 2014, Omido akapata Tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, na mwaka 2020 mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa ikaiyumbisha, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Kesi ile ilibebwa na vipimo vya damu na udongo. Kituo cha Kibirizi kina daftari safi la kilo, ila hakina sampuli hata moja ya mchanga wa pale mafundi walipokuwa wakimwaga ukoko. Kuanza si kazi kubwa: sentimita mbili za juu, sehemu kadhaa wanapochezea watoto, kila sampuli mfuko wake safi wenye tarehe na mahali, kisha kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Bila hayo, siku mwenye sufuria atakapokana, daftari la kilo halitamjibu.

Usiende siku za mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa, wanaovua kwa taa gizani, wanakuwa nchi kavu, kila mmoja amebeba betri yake, na mizani ni moja. Nenda siku ambazo usiku hauna mwezi, saa nne asubuhi, boti zikishapakua.