James Brown kule Apollo au Sam Cooke kule Miami?

Hawa ni waimbaji wa soul wa Marekani, na albamu zao hizi mbili za jukwaani zilirekodiwa kwa tofauti ya miezi isiyofika mitatu. James Brown alirekodi yake tarehe 24 Oktoba 1962 katika ukumbi wa Apollo, New York, tena kwa pesa zake mwenyewe, maana bosi wa kampuni yake ya kurekodi hakuona faida. Sam Cooke alirekodi Januari 1963 katika klabu ya Harlem Square, Miami. Kanda ikakaa kabatini hadi 1985.

Brown ni nidhamu tupu. Bendi inakata na kuanza kama mtu mmoja. Kilele ni wimbo "Lost Someone", zaidi ya dakika 10: anashusha sauti, anabembeleza, anangoja, na akina mama ukumbini wanapiga ukelele hadi unasisimka.

Cooke je? Yule wa sauti laini studioni, hapa anakwaruza koo makusudi. Kabla ya "Bring It On Home to Me" anaigiza kumpigia simu opareta amtafutie mpenzi wake, kisha umati unamwitikia. Rekodi si safi sana, ila jasho unalisikia.

Kwa ufundi, Brown hana mpinzani. Lakini nikiruhusiwa moja tu, naweka Cooke.