Mluzi ulitoka mara ya tatu

Rekodi ya Anyone Can Whistle nimekuwa nayo miaka mingi, ila kuiona jukwaani sikuwahi, mpaka Ijumaa hii wanafunzi wa chuo walipothubutu. Nasema walithubutu kwa sababu tamthilia hii ya nyimbo ya Stephen Sondheim na Arthur Laurents ilipofunguliwa Broadway, New York, mwaka 1964 ilionyeshwa mara 9 tu, ikafungwa. Siku iliyofuata waigizaji waliingia studio kurekodi. Bila hivyo nyimbo zile zingezikwa na mchezo wake.

Mji umefilisika. Meya Cora na genge lake wanazua muujiza: maji yanabubujika mwambani, kumbe nyuma kuna pampu. Mahujaji wanafurika na pesa zao. Halafu muuguzi Fay anawaleta wagonjwa wake wa akili 49 nao wanywe, wanachanganyika na umati, na kuanzia hapo nani mzima, nani mwehu, hakuna ajuaye.

Wanafunzi walikuwa na wagonjwa 9. Walikuwa wanazunguka nyuma ya pazia na kurudi na kofia nyingine, isipokuwa mmoja aliyesahau kofia akapita mara tatu na sura ileile. Ukumbi mzima ulicheka, naye akatupungia mkono.

Sauti ndiyo iliyoniudhi. Maikrofoni ya Cora ilikwaruza mpaka mapumziko, na binti yule, mwenye madaha ya meya hasa, alipoivua akaimba kwa koo lake mwenyewe tukamsikia vizuri zaidi. Lile zoezi refu la kuimba la Hapgood, mgeni anayedhaniwa daktari, la kugawa watu makundi mawili ni mtihani kwa kwaya yoyote. Mimi ni mwanakwaya, nilikuwa nahesabu mapigo kwa kidole gotini. Waliteleza mara mbili, wakadakana. Sehemu ya tatu inaburuta, ila hapo lawama wabebe waandishi.

Mwisho wa sehemu ya kwanza taa zilizimika, zilipowaka tukawakuta waigizaji wamekaa kwenye viti kama vyetu, wametuelekea, wanatucheka. Bwana wa mbele yangu aligeuka kuangalia anachekwa nani.

Yamebaki maonyesho mawili. Nenda, kaa safu za mbele.

Na umsubiri Fay. Wimbo uliobeba jina la mchezo, wa mtu anayeweza magumu yote akashindwa na mepesi, aliuimba ameketi juu ya ndoo, karibu kama anaongea. Mwishoni inambidi apige mluzi ili Hapgood arudi. Akatia vidole mdomoni: hewa tupu. Akarudia: hewa tupu. Mtu akakohoa. Mara ya tatu ukatoka, mkali, mbaya, wa kuchoma masikio, kama mchezo unavyotaka.

Nilimkuta mlangoni nikampongeza kwa ubunifu ule wa kushindwa mara mbili. Akacheka, akafunika uso. Kwenye mazoezi, alisema, ulikuwa unatoka palepale, jaribio la kwanza.