Semina ya ulinzi wa wanafunzi michezoni, Dodoma: asubuhi ni bora kuliko alasiri

Semina hii ya siku moja huandaliwa na kampuni ya mafunzo yenye ofisi Makole, jijini Dodoma, kwa ajili ya makocha, walezi wa wanafunzi na maofisa michezo wa vyuo. Ada ni shilingi 80,000 kwa mshiriki, pamoja na chai, chakula cha mchana na kabrasha. Ukumbi ni safi na ratiba ilifuatwa, jambo ambalo waliozoea semina za mji huu watalithamini.

Kipindi cha asubuhi peke yake kinatosha kuhalalisha ada hiyo. Mada ilikuwa namna idara za michezo za vyuo vya Marekani zilivyowakingia kifua wachezaji waliotuhumiwa kubaka au kushambulia kingono, na mwezeshaji alikaa kwa muda mrefu kwenye Chuo Kikuu cha Baylor, Texas. Mwaka 2016, uchunguzi wa mawakili walioajiriwa na chuo hicho ulibaini kwamba baadhi ya watumishi wa timu ya mpira wa Kimarekani walipokea taarifa za tuhuma hizo wasizifikishe nje ya idara yao, na kwamba wapo waliokutana na walalamikaji au wazazi wao, wakafanya uchunguzi wao wenyewe bila kuwa na mafunzo yoyote ya kazi hiyo. Kocha mkuu Art Briles aliondolewa, na Ken Starr akavuliwa urais wa chuo. Nilichokipenda ni kwamba mwezeshaji hakuishia kwenye kufukuzwa kwa wakubwa, bali alieleza pia kwamba mwaka 2021 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, kilisema hakiwezi kukiadhibu chuo kwa namna kilivyoshughulikia tuhuma hizo, kwa kuwa kanuni zake za michezo hazikuwa zimevunjwa. Maana yake ni kwamba anayetegemea wanamichezo wajisimamie katika jambo hili atasubiri sana. Chuo Kikuu cha Tennessee, ambacho mwaka huohuo wa 2016 kilikubali kulipa dola milioni 2.48 kumaliza shauri la wanawake wanane, kilitajwa kwa ufupi.

Kasoro ilijitokeza alasiri, tulipogawiwa mwongozo wa mfano ambao vyuo vyetu vinashauriwa kuutumia. Kifungu chake cha pili kinaelekeza kwamba malalamiko dhidi ya mchezaji yapelekwe kwanza kwa uongozi wa timu, nao uyachunguze na kumkabidhi mlezi wa wanafunzi ripoti ndani ya siku saba. Mshiriki mmoja alipouliza kwa nini kocha awe wa kwanza, alijibiwa kwamba kocha ndiye anayewafahamu vijana wake. Baylor nao wangeweza kujibu vivyo hivyo.

Siku saba si jambo dogo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na ushahidi wa kitabibu hupotea kadiri muda unavyokwenda, hivyo mwanafunzi anayeambiwa asubiri timu irudi kutoka mashindano ya TUSA, chama cha michezo cha vyuo vikuu nchini, atakuwa amepoteza vyote viwili kabla mlezi hajafungua bahasha. Isitoshe, ubakaji ni kosa la jinai ambalo adhabu yake katika Kanuni ya Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, na hakuna kamati ya michezo yenye mamlaka ya kulimaliza kindugu. Mchezaji aliyesingiziwa naye hanufaiki, kwa sababu kusafishwa na kocha wake mwenyewe hakumshawishi mtu yeyote. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambalo lilipaswa kutajwa ukurasa wa kwanza, limewekwa kwenye mstari mmoja wa ukurasa wa mwisho, bila maelezo ya PF3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa kitabibu, wala ya nani amsindikize mlalamikaji.

Nawashauri wakuu wa vyuo wapeleke watu wao, hasa makocha, kwa ajili ya kipindi cha asubuhi. Mwongozo usipitishwe kabla mwanasheria wa chuo hajakiondoa kifungu cha pili na kuweka utaratibu unaoanzia kwa mlezi wa wanafunzi, hospitali na polisi, huku timu ikijulishwa tu kwamba mchezaji amesimamishwa kwa muda. Nyota tatu kati ya tano.