Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, Pemba: huduma iliyofufuka

Anayekumbuka hali ya Hospitali ya Abdulla Mzee kabla haijajengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016, ataelewa kwa nini sisi Wapemba tunaizungumzia kwa furaha. Ilikuwa ugonjwa ukizidi, familia hutafuta nauli ya boti na kumvusha mgonjwa hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na bahari ikichafuka haimhurumii mgonjwa wala mzima.

Nilimpeleka mjomba wangu kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Wodi ni safi na ina hewa ya kutosha, lakini kilichonigusa zaidi ni namna alivyoelezwa hali yake: daktari wa Kichina alizungumza, mkalimani akafasiri, kisha muuguzi wetu akainama kitandani na kumwambia, “Babu, usinyanyue kitu kizito mpaka kidonda kipone,” na hakuondoka hadi alipohakikisha kuwa mzee amefahamu.

Madaktari kutoka jimbo la Jiangsu wamekuwa wakija Zanzibar tangu mwaka 1964, kwa zamu. Kwa maoni yangu, faida kubwa kuliko jengo lenyewe ni kuwaona madaktari wetu vijana wakisimama nao bega kwa bega, kwa sababu wageni hurejea kwao, ilhali hawa ndio tutakaobaki nao.

Hospitali ipo kusini mwa kisiwa, kwa hiyo anayetoka Micheweni au Konde aondoke alfajiri.