Daladala za Dar usiku: ubao unasema Gongo la Mboto, gari linaishia Buguruni

Mchana, daladala za Dar es Salaam zinaeleweka. Ubao wa mbele una majina mawili, konda yuko mlangoni anayataja kwa sauti, na ukikosa gari hili lingine liko nyuma yake. Kuanzia saa 3 usiku magari bado yapo, na kwenye njia kubwa yapo hata saa 5, ila ule ubao huacha kuwa ahadi. Kwa alama, mchana ningeipa huduma hii saba kati ya kumi. Usiku nne, na nyingi kati ya hizo nne ni za Mbagala.

Ugonjwa wake mkubwa ni kukatisha ruti. Dereva ana hesabu ya kila siku ya kumpelekea tajiri, yaani mwenye gari, na usiku abiria karibu wote wanatoka mjini kwenda pembezoni. Gari likifika mwisho wa njia linarudi tupu, linakula mafuta bure. Kwa hiyo lililotoka stendi ya Simu 2000 na maandishi ya Gongo la Mboto linafika Buguruni, konda anapiga bati, "Mwisho wa gari!", wote chini, linageuza. Hapo umelipa nauli ya safari nzima na umefikishwa nusu. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, inakataza, lakini saa 4 usiku askari wa kusimamia ni wachache.

Kinga yake ni maswali kabla hujakanyaga ngazi. Usiulize "Gongo la Mboto?", maana konda atakuitikia "Twende!" hata kama anaishia TAZARA. Uliza "Unafika mwisho?" kisha "Gari linalala wapi?" Hili la pili ndilo lenye thamani. Gari la usiku linaelekea linakolala. Kama linalala Ukonga, dereva hana sababu ya kugeuza Buguruni. Mpiga debe usimuulize kabisa. Yeye analipwa gari lijae, halipwi ufike.

Likikatishwa na nauli umeshatoa, dai kufaulishwa: konda akukabidhi kwa konda wa gari lingine na amlipe yeye. Makondakta wanaijua desturi hii vizuri, wanaisahau tu pale abiria wanaposhuka kimyakimya. Shukeni pamoja, simameni naye mlangoni, na usiingie gari la pili kabla hujaona hela ikipita mkono hadi mkono. "Nimeshamwambia" si malipo. Ndiyo maana watu wa mjini usiku hawatoi nauli mapema. Wanaitoa gari likishapita pale linapozoea kugeuza.

Kuhusu kiasi: kwa viwango vya LATRA vya Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600, na inapanda kadiri umbali unavyoongezeka. Usiku utasikia "buku", yaani elfu moja, kwa safari hiyohiyo. Shika noti ndogo na sarafu za 100 na 200, kwa sababu ukitoa 5,000 chenji itakuwa "subiri" mpaka kituo chako kipite.

Sasa majina, ambako hata aliyekaa Dar miaka mitano anateleza. Simu 2000 na Mawasiliano ni stendi moja, kule Barabara ya Sam Nujoma. Gari moja limeandika hili, lingine lile. Makumbusho ni stendi ya upande wa Kijitonyama, iliyopata jina kutokana na Kijiji cha Makumbusho cha Barabara ya Bagamoyo. Makumbusho ya Taifa yako katikati ya jiji, Mtaa wa Shaaban Robert, na mgeni anayefuata jina tu hutupwa kilomita kadhaa kutoka anakokwenda. Posta ziko mbili: Posta Mpya, na Posta ya Zamani ya kule ufukweni, Barabara ya Sokoine. Mchana hizo mbili ni mwendo mfupi wa miguu, lakini usiku mitaa ya ofisi ni mitupu na kosa hilo halifai.

Mbaya kuliko zote ni Mbezi. Mbezi Beach iko Barabara ya Bagamoyo, Mbezi Luis iko Barabara ya Morogoro, na kutoka moja hadi nyingine ni safari ya kupitia Goba ambayo usiku haina gari la uhakika. Ukiambiwa "njoo Mbezi", uliza ya Beach au ya Kimara, yaani Luis, kabla hujaondoka nyumbani. Ukonga nako kuna kituo kinaitwa Mombasa, kwa hiyo konda anayeita "Mombasa, Mombasa!" Barabara ya Nyerere hakupeleki Kenya.

Vifupisho vya ubaoni vinahitaji kuzoewa: G/Mboto, K/koo, M/nyamala, na R/3 ambayo ni Mbagala Rangi Tatu. Angalia pia njia iliyotajwa pembeni. Magari mawili ya Tegeta kwenda mjini yanaweza kupita tofauti kabisa, moja Kawawa, jingine Ali Hassan Mwinyi, na anayeshuka Magomeni hana faida na hilo la pili. Mkanda wa rangi ubavuni husaidia mchana. Chini ya taa za njano rangi zote zinafanana.

Kushuka nako kuna namna yake. Tuseme kituo kinaitwa Sheli. Konda huuliza "Sheli wapo?" na anayeshuka huitikia "Wapo!" Kimya maana yake gari linapitiliza. Usiku konda amechoka na wakati mwingine haulizi kabisa, basi wewe ndiye useme "Sheli shusha" ukiwa bado kituo kimoja nyuma.

Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao maalumu, iliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara na mjini, ina sifa moja ambayo daladala hazina: basi haligeuzi njiani kwa sababu ya hesabu ya tajiri. Hatari yake ni kupanda la tawi lisilo lako. La Morocco linachepuka Magomeni, la Gerezani linachepuka Faya, la Kivukoni linanyooka. Ukigundua mapema, shuka kabla ya njia panda na usubiri humohumo ndani ya kituo. Ukitoka nje unakata tiketi upya. Majina ya vituo yasikutishe, Korogwe na Kagera zote ziko humuhumu Dar. Mvua kubwa ikinyesha, ulizia Jangwani kabla hujalipa, maana Mto Msimbazi ukifurika njia hufungwa pale. Na baada ya saa 4 usiku mimi singeifanya tegemeo pekee.

Kwa njia moja moja: Barabara ya Kilwa kwenda Mbagala ndiyo bora, ina watu wengi na magari yanakesha nao. Nyerere kwenda Gongo la Mboto inafuata, kwa masharti ya Buguruni niliyokwisha kuyataja. Bagamoyo ni nzuri hadi Mwenge, halafu inapungua haraka kuelekea Tegeta na Bunju. Zinazokatiza bila kupita mjini, kama Tabata na Goba, zipangie mapema au zipangie bajaji.

Wanaotoka mikoani wana hesabu yao. Tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa kutembea usiku, mengi huingia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, saa 8 au saa 9 usiku. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote: daladala za jana zimeisha, za leo hazijaanza. Madereva wa nje ya geti wanalijua hilo na bei yao inalijua pia. Kama huna haraka, kaa ndani ya stendi na mizigo yako hadi saa 11 alfajiri. Kama basi lako linapitiliza hadi Shekilango, na unakwenda Sinza au Manzese, baki humo. Anayekuja na treni ya SGR na nyumbani ni Gongo la Mboto au Chanika, aangalie kama treni yake inasimama Pugu. Akifika hadi mjini atarudi njia hiyohiyo kwa nauli mpya.

Kutoka kituoni hadi mlangoni, bajaji ya kuchangia hushinda bodaboda kwa bei na kwa usalama wa begi. Patana kabla ya kupanda, na utaje alama, si mtaa: msikiti, sheli, duka la dawa lenye taa. Programu ya simu ya kuita usafiri ikikuonyesha bei, piga picha ya skrini, kwa sababu dereva akifika huanza na "Bosi, hiyo hela ndogo".