Chipu gani ununue kwa pedali yako ya distoshoni: mpangilio wangu kwa wapiga gitaa wa Lubumbashi

Nafasi ya kwanza naipa soketi ya miguu minane, yaani kikalio cha kuchomekea chipu, kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapa. Ukiyeyusha risasi mara mbili tatu kwenye bodi ileile, vijia vya shaba vinabanduka na pedali inakufa. Toa chipu ya zamani mara moja tu, lehemu soketi mahali pake, halafu utajaribu chipu zote unazotaka kwa jioni moja bila kuwasha tena chuma cha kulehemu.

Kabla ya kulipia chipu, fungua pedali usome maandishi. 741, LM308 na TL071 zina opampu (saketi ya kukuza sauti) moja ndani. 4558, TL072 na NE5532 zina mbili. Zote ni miguu minane, lakini umeme chanya unaingia mguu wa 7 kwa kundi la kwanza na mguu wa 8 kwa la pili. Usizichanganye, ndugu yangu.

Nafasi ya pili ni 4558, chipu ya Ibanez Tube Screamer na pedali nyingi zilizoiga mchoro wake. Usiiagize mbali. Nenda kwa mafundi wa redio pale soko la Kenya, uombe bodi ya mikseri au ampli iliyokufa; mara nyingi utazikuta humo kadhaa, na bei ni ya kuelewana.

Ya tatu ni TL072. Ina kasi ya kubadilisha volti, 13 kwa mikrosekunde, wakati 4558 iko karibu na 1, na inakula umeme kidogo. Sauti yake naiona wazi zaidi kwenye nyuzi nyembamba. Ila betri ikichoka, ukipiga kwa nguvu inaweza kugeuza mawimbi na kutoa mkwaruzo mbaya.

Kama pedali yako ni ProCo RAT, sahau mpangilio huo. RAT za zamani zilikuwa na LM308, chipu nzito yenye kasi ya volti 0.3 tu kwa mikrosekunde. Ukifungua distoshoni yote, chipu inashindwa kuyafuata mawimbi, kona zake zinalainika, na ulaini huo ni sehemu kubwa ya sauti ya RAT. Watu wanaitafuta LM308 kwa dola nyingi, na feki ni tele. Mimi nililipia moja, nikaifuta kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, na namba ikaondoka yote! Tangu hapo nanunua OP07, ambayo kiwanda chenyewe kilikuja kuitumia kwenye RAT2. Kasi yake ni hiyohiyo 0.3. Toa tu kile kikapasita cha pikofaradi 30 kati ya mguu wa 1 na wa 8, kwa sababu OP07 haikihitaji.

NE5532 naiweka chini. Ni nzuri kwenye mikseri, lakini inakula kama miliampea 8, na TL072 inakula kama 3. Kwetu umeme unakatika katikati ya mazoezi ya kwaya, na pedali inabaki kwa betri ya volti 9.

Mwisho kabisa ni OPA2134 na wenzake wa bei kubwa. Kwenye Tube Screamer dayodi, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, ndizo zinazokata vilele vya mawimbi, na usafi wa chipu hiyo hausikiki tena. Pesa hiyo nunua dayodi. Kwenye RAT, weka taa nyekundu za LED mahali pa zile mbili za 1N914: mpaka wa kukata unapanda kutoka volti 0.6 hivi hadi karibu 1.7, na pedali inatoa sauti kubwa, yenye pumzi. Tofauti hiyo hata mpiga ngoma ataisikia.

Unapoingiza chipu, pengo dogo lililo upande mmoja lielekee palepale lilipoelekea la zamani. Ikigeuka na ukawasha, imeungua.