Kushikilia au kugeuka: Lieberman na Smith mbele ya vita vya Iraq

Oktoba 2002, Seneti ya Marekani iliidhinisha vita dhidi ya Iraq kwa kura 77 dhidi ya 23, na miongoni mwa walioiunga mkono hatua hiyo walikuwamo Joe Lieberman wa Connecticut, kutoka chama cha Democratic, na Gordon Smith wa Oregon, kutoka Republican. Wananchi walipovichoka vita hivyo, kila mmoja alishika njia yake.

Lieberman hakurudi nyuma. Wanachama wenzake walimwadhibu katika kura ya mchujo ya Agosti 2006, wakamteua Ned Lamont aliyepinga vita. Lakini Lieberman alisimama kama mgombea huru na akashinda Novemba, kwa sababu wapiga kura wengi wa Republican walimtupa mkono mgombea wao na kumpigia yeye.

Smith aligeuka Desemba 2006, mwezi mmoja baada ya chama chake kupoteza wingi wa viti katika mabunge yote mawili, akitamka kwamba hawezi tena kuunga mkono sera inayowapeleka askari katika barabara zilezile walipuliwe na mabomu yaleyale. Naamini uchungu wake ulikuwa wa kweli, ingawa wakati aliouchagua unazua shaka, kwani hali ya Iraq ilikuwa imeharibika mapema zaidi. Mwaka 2008 Jeff Merkley, mgombea wa Democratic, alimshinda kwa tofauti ndogo. Wala kupinga tangu mwanzo hakukuwa kinga: Lincoln Chafee wa Rhode Island, seneta pekee wa Republican aliyeikataa hatua ile ya 2002, aliangushwa mwaka 2006.